Gari la Kitufe Linapokataa Kupunguza Mwendo: Namna ya Kulisimamisha kwa Usalama

Magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe si kitu cha ajabu tena katika barabara za kata zetu. Mengi kati ya hayo yalitumika kwanza nchini Japani kabla ya kuingizwa nchini, na leo hutumika kama teksi, magari ya ofisi na magari ya familia. Dereva huweka rimoti mfukoni, hukanyaga breki, hubonyeza kitufe na gari huwaka. Namna ya kuliwasha gari hilo huelezwa siku ya kwanza ya kulinunua. Namna ya kulizima likiwa katika mwendo, injini ikinguruma ilhali mguu umekwisha kuondolewa kwenye pedeli ya mafuta, ni nadra kuelezwa.

Makala hii inafafanua kwa nini gari linaweza kuendelea kuongeza kasi bila dereva kutaka, hatua za kulisimamisha, na mambo ya kukagua kabla ya safari. Jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao. Linawahusu abiria, wanafunzi wanaovuka barabara kwenda shule, na akina mama na vijana wanaopanga bidhaa zao pembezoni mwa barabara siku za gulio.

Tofauti kati ya ufunguo na kitufe

Katika gari la ufunguo, dereva aliyepata hitilafu aliweza kurudisha ufunguo nyuma hatua moja na injini ikazimika. Mkono ulizoea kitendo hicho kwa sababu ndicho kilichofanyika kila siku wakati wa kuegesha. Katika gari la kitufe mambo ni tofauti. Gari likiwa limesimama, kitufe hubonyezwa mara moja tu na injini huzimika. Gari likiwa katika mwendo, kubonyeza mara moja hakuzimi injini. Watengenezaji walipanga hivyo kwa makusudi, ili mtoto au abiria asizime gari katikati ya barabara kwa kugusa kitufe bila kukusudia.

Ili injini izimike gari likiwa linakwenda, magari mengi hudai kitufe kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde mbili au tatu bila kuachia, au kibonyezwe mara tatu mfululizo kwa haraka. Utaratibu hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na hata kati ya toleo la zamani na jipya la kampuni ileile. Kitabu cha maelezo cha gari ndicho kinachotaja utaratibu sahihi, lakini magari mengi yaliyotoka Japani huja na kitabu cha Kijapani au bila kitabu kabisa. Hivyo mmiliki hubaki na kitufe ambacho hajui kinavyofanya kazi wakati wa hatari.

Sekunde tatu zinaweza kuonekana kuwa chache. Hata hivyo, gari lililo katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde. Katika sekunde tatu za kushikilia kitufe, gari hilo huwa limekwenda zaidi ya mita 80. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, umbali huo ni zaidi ya mita 40. Dereva asiyejua utaratibu, anayebonyeza na kuachia huku akishangaa kwa nini injini haizimiki, hupoteza umbali mkubwa kuliko huo.

Funzo kutoka Santee, California

Tukio lililoufanya ulimwengu uzungumzie jambo hili lilitokea tarehe 28 Agosti 2009 katika mji wa Santee, jimbo la California nchini Marekani. Askari wa doria ya barabara kuu, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa akiendesha gari aina ya Lexus ES 350 lenye kitufe. Gari hilo aliazimwa na wauzaji wakati gari lake likiwa katika matengenezo. Ndani walikuwamo mkewe, binti yao na shemeji yake. Gari liliongeza kasi na kupita kilomita 160 kwa saa. Shemeji alipiga simu ya dharura akieleza kwamba pedeli ya mafuta imekwama na breki hazisaidii. Gari liligonga gari jingine, likatoka nje ya barabara na kuwaka moto. Wote wanne walifariki dunia.

Uchunguzi ulionyesha kuwa ndani ya gari hilo ilikuwamo kapeti ya mpira ambayo haikuwa ya aina hiyo ya gari na haikuwa imefungwa kwenye ndoano zake. Kapeti hiyo iliinasa pedeli ya mafuta ikiwa chini. Breki zilikutwa na dalili za kuungua, ishara kwamba zilitumika kwa muda mrefu zikipambana na injini. Katika gari hilo, kitufe kilitakiwa kushikiliwa kwa sekunde tatu ili injini izimike, na hapakuwa na maandishi yoyote kwenye dashibodi ya kumweleza dereva hivyo.

Ilibainika pia kwamba siku chache kabla, mteja mwingine aliyeazimwa gari lilelile alikutana na tatizo hilohilo. Yeye alifanikiwa kusimama pembeni mwa barabara, akaikuta pedeli imenaswa na kapeti, na aliporudisha gari aliripoti. Kapeti haikuondolewa.

Baada ya ajali hiyo, mwezi Septemba 2009, kampuni ya Toyota iliwataka wenye magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani kuondoa kapeti za upande wa dereva. Januari 2010 iliyaita tena magari yapatayo milioni 2.3 kwa sababu ya pedeli zilizokuwa zikikwama zenyewe. Serikali ya Marekani iliwashirikisha hata wahandisi wa shirika la anga za juu, NASA, kuchunguza kama mifumo ya kielektroniki ndiyo iliyokuwa chanzo. Taarifa iliyotolewa Februari 2011 ilisema hawakupata ushahidi wa hitilafu ya kielektroniki yenye kusababisha kasi ya hatari. Sababu mbili za kimitambo zilizothibitishwa zilikuwa pedeli kunaswa na kapeti, na pedeli kukwama. Aidha, ilielezwa kuwa katika matukio mengi huenda dereva alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki.

Hatua za kuchukua gari linapokataa kupunguza mwendo

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano. Kila dereva wa gari la otomatiki anashauriwa kuzikariri kama anavyokariri njia ya kurudi nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuendelea kuishikilia. Iwapo gari linazidi kukimbia kila dereva anapokanyaga zaidi, aondoe mguu wote sakafuni, kisha aurudishe kwenye pedeli ya breki kwa uhakika, kwani huenda mguu ulikuwa kwenye mafuta. Breki isipigwe kwa kukanyaga na kuachia mara kwa mara. Katika magari mengi ya petroli, kifaa kinachousaidia mguu kubana breki hutegemea mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini. Mafuta yakiwa yamefunguka kabisa, mvuto huo hautengenezwi tena, na kinachobaki ni akiba ndogo ya kutosha mikanyago michache. Anayeachia breki na kukanyaga tena huimaliza akiba hiyo, na pedeli huwa ngumu kama jiwe. Mkanyago mmoja, mzito na usioachiwa, ndio unaofaa.

Wengi hudhani injini ina nguvu kuliko breki. Mwaka 2009 jarida la magari la Marekani, Car and Driver, lilipima jambo hili kwa Toyota Camry yenye injini ya silinda sita. Kutoka mwendo wa takribani kilomita 112 kwa saa, gari lilisimama kwa mita 53 mafuta yakiwa yamefungwa, na kwa mita 58 mafuta yakiwa yamefunguliwa kabisa. Tofauti ilikuwa mita tano tu. Breki nzima, ikikanyagwa mapema na kwa nguvu, hulishinda gari. Breki inayokanyagwa kidogokidogo kwa muda mrefu huungua na kupoteza uwezo wake.

Hatua ya pili, inayofanyika mguu ukiwa bado kwenye breki, ni kusukuma gia kwenda N, yaani gia huru, ambayo madereva wengi huiita fri. Gia hiyo hutenganisha injini na magurudumu. Katika magari mengi ya gia ya kusukuma, kutoka D kwenda N hakuhitaji kubonyeza kitufe chochote cha pembeni mwa gia. Katika magari yenye gia fupi ya kielektroniki inayorudi katikati yenyewe, kama ilivyo kwa Prius, mkono husukuma gia upande wa N na kuishikilia hapo kidogo hadi herufi N itokee kwenye dashibodi. Kwa gari la gia za kawaida, mguu wa kushoto hukanyaga klachi hadi mwisho.

Gari likishaingia N, injini itanguruma kwa sauti kubwa ya kutisha. Dereva asirudishe gia kwenye D kwa kuihofia sauti hiyo. Injini za kisasa zina kidhibiti cha mzunguko kinachozuia zisipite kiwango chake. Hata kama injini ingeharibika, injini hununuliwa.

Hatua ya tatu ni kuwasha taa za tahadhari, kupiga honi na kulielekeza gari taratibu kando ya barabara, mbali na watu. Gari likiwa katika N injini bado inafanya kazi, hivyo usukani ungali mwepesi. Hii ndiyo sababu N hutangulizwa kabla ya kuzima injini.

Hatua ya nne ni kusimama kabisa, kuvuta breki ya mkono, kuweka gia kwenye P na kuzima injini. Iwapo injini haizimiki kwa kubonyeza mara moja, kitufe kishikiliwe bila kuachia kwa sekunde tatu au zaidi.

Iwapo gia imekataa kuingia N, ndipo injini huzimwa gari likiwa bado linakwenda. Kitufe kibonyezwe kwa nguvu na kushikiliwa hadi injini inyamaze. Isipozimika, kibonyezwe mara tatu au zaidi kwa mfululizo wa haraka. Ni lazima ieleweke kwamba injini ikizimika usukani utakuwa mzito na utahitaji mikono yote miwili, na breki itahitaji nguvu zaidi ya mguu. Vyote viwili huendelea kufanya kazi. Kwa gari la ufunguo, ufunguo urudishwe hatua moja tu wala usichomolewe, kwa kuwa kuuchomoa kunaweza kuufunga usukani.

Mambo ya kuepuka

Dereva asiweke gia kwenye P au R gari likiwa katika mwendo kwa matumaini kwamba litasimama. Magari mengi hulikataa agizo hilo, na yasiyolikataa yanaweza kuharibika ghafla.

Breki ya mkono isivutwe kwa ghafla katika kasi kubwa, kwani huyafunga magurudumu ya nyuma na gari hugeuka. Hutumika kama msaada wa mwisho, ikivutwa polepole na kwa kipimo.

Rimoti haizimi injini. Wapo wanaodhani kuwa kuitupa rimoti nje ya dirisha kutasimamisha gari. Gari litatoa onyo kwamba rimoti haipo, lakini injini itaendelea kufanya kazi.

Dereva asiiname kuivuta pedeli au kapeti kwa mkono wakati gari linakwenda. Macho yake yanahitajika barabarani. Anaweza kujaribu kuinyanyua pedeli kwa ncha ya kiatu iwapo ana nafasi, lakini breki na N hutangulia.

Pale ambapo tatizo ni breki, si mafuta

Zipo hali mbili zinazofanana machoni lakini zenye tiba tofauti, na kuzichanganya kunaweza kuleta maafa. Hali ya kwanza ni ile iliyoelezwa hapo juu: injini inavuta bila kuamriwa, na breki zipo. Tiba yake ni N. Hali ya pili ni breki kufeli, hasa katika miteremko, wakati injini haina tatizo. Hapo gia ya N ni adui, kwa sababu humnyima dereva msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Tiba yake ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushusha gia hatua kwa hatua kwenda L, 2 au B kulingana na gari, na kuvuta breki ya mkono polepole.

Swali la kujiuliza ni moja: je, injini inanguruma na kulisukuma gari? Kama ndiyo, ni N. Kama injini imetulia na gari linashuka kwa uzito wake, ni gia ndogo. Kwa sababu hiyohiyo, tabia ya kuteremka milima gari likiwa katika gia huru ili kubana matumizi ya mafuta ni ya hatari na haina budi kuachwa.

Ukaguzi kabla ya safari

Chanzo kimojawapo kilichothibitishwa cha matukio haya ni kapeti, na kapeti hukaguliwa bure. Kapeti ya upande wa dereva iwe moja tu. Kuweka kapeti mpya ya mpira juu ya ile ya kitambaa huinua sakafu na kuisogeza karibu na pedeli. Iwe ya gari husika au iliyokatwa kwa kipimo chake, na ifungwe kwenye ndoano zilizo sakafuni. Ndoano zikiwa zimekatika na kapeti inateleza, ni heri kuendesha bila kapeti upande wa dereva.

Mara baada ya gari kuoshwa, dereva ahakikishe kapeti zimerudishwa mahali pake, kwani mara nyingi waoshaji huzitoa na kuzirejesha bila kuzifunga. Chupa ya maji, simu, viatu vya akiba au mfuko wa bidhaa visiwekwe chini ya kiti cha dereva. Chupa ikibingirika na kuingia nyuma ya pedeli ya breki, breki haitakanyagika. Kandambili na viatu vinavyovuka nafasi ya mguu navyo hunasa kati ya pedeli mbili.

Injini ikiwa imezimwa, pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho na kuachiliwa. Ikirudi kwa uvivu, ikikwaruza au ikibaki chini, gari lisitumike hadi fundi ailikague. Iwapo pedeli imewahi kukwama hata mara moja na ikajiachia, hilo ni onyo kamili, na yeyote atakayekabidhiwa gari hilo baadaye aelezwe. Tukio la Santee lilitanguliwa na onyo la aina hiyo.

Mwenye gari la kitufe amwombe fundi anayeaminika, au asome kitabu cha gari lake, ajue ni kwa sekunde ngapi kitufe hushikiliwa. Kisha, katika uwanja mpana usio na watu, gari likiwa katika mwendo mdogo, ajizoeze kusukuma gia kutoka D kwenda N huku macho yakiwa mbele. Zoezi hilo halina madhara kwa gari na huchukua dakika chache. Wenye teksi na magari ya ofisi wanashauriwa kuhakikisha kwamba kila dereva anayepokea rimoti amelifanya.

Magari yaliyotengenezwa miaka ya karibuni huwa na mfumo unaopunguza mafuta mara breki na mafuta vinapokanyagwa kwa pamoja. Toyota ilianza kuufunga mfumo huo katika magari yake mengi kuanzia mwaka 2010. Magari mengi yaliyomo barabarani kwetu ni ya kabla ya hapo, hivyo haifai kuutegemea.

Wajibu wa abiria

Abiria aliyeketi mbele anaweza kuokoa maisha kwa maneno mawili: "Weka N!" Dereva aliyeshikwa na hofu husikia vizuri amri fupi kuliko makelele. Abiria asishike usukani. Akiombwa na dereva, anaweza kuisukuma gia kwenda N, jambo linalowezekana kwa urahisi katika magari yenye gia katikati ya viti. Wengine wafunge mikanda na kutulia.

Baada ya gari kusimama, lisiwashwe tena kwa majaribio. Abiria washuke upande usio na magari, pembetatu ya tahadhari iwekwe nyuma, na gari livutwe hadi kwa fundi. Iwapo kuna majeruhi au uharibifu, Polisi hupatikana kwa namba 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Wananchi wanahimizwa kuyazungumza haya majumbani, katika vijiwe vya teksi na katika mikutano ya vijiji na mitaa. Dereva aliyekwisha kuambiwa mapema habari ya breki, N na kitufe cha kushikiliwa atakuwa na la kufanya katika zile sekunde chache ambazo hakuna muda wa kuuliza.